Wallingford: tathmini ya mji wa gulio kando ya Mto Thames

Mswahili anayefika Uingereza kwa masomo, kwa kazi au kuwatembelea ndugu huzungushwa London, hupelekwa Oxford kupiga picha mbele ya vyuo, kisha hurudi nyumbani akiamini ameiona nchi. Katikati ya Oxford na Reading, kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Thames, upo mji mdogo uitwao Wallingford ambao mabasi ya njia hiyo huupita kila siku, na abiria wengi hawainui hata macho kutoka kwenye simu zao. Tathmini hii inawahusu wao. Niseme mapema kwamba anayetafuta maduka makubwa, jumba la kifalme lenye samani za dhahabu au mandhari ya kuandalia harusi atakuwa amepoteza nauli yake. Wallingford unamfaa mtu anayependa kuisoma historia ardhini kwa miguu yake, na kwa mtu wa namna hiyo siku moja haitoshi.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba mji huu uliwahi kuwa mkubwa kwa kipimo cha enzi zake, kisha ukanyang'anywa ukubwa huo. Katika karne ya 9, Mfalme Alfred wa Wessex alipokuwa akipambana na Wadenmaki, aliamuru ijengwe miji yenye maboma kwenye vivuko na njia muhimu za ufalme wake. Katika orodha ya miji hiyo iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 10, Wallingford ulipewa mashamba 2,400, na kila shamba lilipaswa kutoa mtu mmoja wa kulinda boma. Kiwango hicho kililingana na cha Winchester, mji mkuu wa Wessex wenyewe. Boma hilo lilikuwa tuta la udongo lenye handaki kwa nje, likizunguka mji kwa pande tatu, huku upande wa nne ukiachiwa mto.

Tuta hilo lipo hadi leo, na kwangu ndilo jambo la kwanza la kutazamwa. Katika uwanja wa wazi uitwao Kinecroft linapanda taratibu, refu kuliko mtu mzima, limevikwa majani, na watoto huteleza juu yake bila kujua kwamba wanachezea kazi ya ulinzi ya miaka 1,100 iliyopita. Upande wa kaskazini, kwenye bustani ya Bull Croft, linaendelea. Hakuna kiingilio, na wala hakuna mlinzi. Mitaa iliyo ndani ya boma bado inafuata mpangilio wake wa kale: njia kuu mbili zinazokatana katikati ya mji, na vichochoro vinavyochepuka kutoka kwenye njia hizo. Simama pale zinapokatana, utazame mashariki, utaona barabara ikishuka moja kwa moja hadi darajani.

Mwaka 1066, William wa Normandy alipoishinda nchi huko Hastings, hakuingia London moja kwa moja. Alizunguka kwa kusini na magharibi na kuuvuka mto hapa Wallingford. Muda mfupi baadaye Wanormani walijenga ngome upande wa kaskazini-mashariki wa mji, na ngome hiyo ikawa miongoni mwa zile zilizoogopwa zaidi nchini. Katika vita vya kugombea kiti kati ya Stephen na Matilda, binti wa Mfalme Henry wa Kwanza, ngome ya Wallingford ilikuwa upande wa Matilda tangu mwanzo, na alipotoroka Oxford wakati wa baridi kali mwishoni mwa 1142 ndiko alikokimbilia. Mapatano yaliyomaliza ugomvi huo, ambayo yalimwachia Stephen kiti hadi afe na kumpa mwana wa Matilda haki ya kurithi, yalianzia hapa mwaka 1153. Mrithi huyo, Henry wa Pili, hakusahau wema: mwaka 1155 aliupa mji hati ya kifalme iliyothibitisha uhuru wake wa kufanya biashara na kujiendeshea mambo yake.

Baada ya fadhila hiyo mambo yakaanza kwenda mrama. Tauni kubwa ya miaka ya 1348 na 1349 iliupunguza mji vibaya. Kisha mwaka 1416 wenyeji wa Abingdon, mji jirani upande wa juu wa mto, wakajenga madaraja yao, na njia ya wafanyabiashara kutoka London kwenda Gloucester ikahamia kwao. Mji ulioishi kwa ushuru wa wapita njia ukajikuta hauna wapita njia. Pigo la mwisho lilikuwa vita kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Ngome ya Wallingford ilishikilia upande wa mfalme hadi Julai 1646, ikiwa miongoni mwa za mwisho kusalimu amri, na mwaka 1652 watawala wapya waliamuru ibomolewe ili isije ikawasumbua tena.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila hayo mgeni ataingia kwenye bustani ya ngome, ataona vipande vya kuta vilivyosimama peke yao katikati ya maua na miti, na atauliza ngome yenyewe iko wapi. Ndiyo hiyo. Kilichobaki ni kilima, mahandaki makavu yenye kina cha kutisha, magofu ya chuo cha mapadri cha Mtakatifu Nicholas na kipande cha ukuta kwenye malisho yaliyo karibu na mto. Walioizoea ngome ya Windsor watavunjika moyo. Mimi niliona mahandaki yale yanasema mengi kuliko kuta zilizokarabatiwa, kwa kuwa ukishuka hadi chini na kuinua macho unatambua askari wa miguu alikuwa akitazama nini. Shimo lililochimbwa kwa mikono halibomoki kwa amri ya Bunge.

Daraja ndilo kiungo kizuri zaidi cha mji. Lina urefu wa karibu mita 270, jambo linaloshangaza kwa kuwa mto wenyewe hapa si mpana kiasi hicho. Ukilipita polepole utagundua kwamba maji hupita chini ya matao machache tu ya upande wa mjini. Yaliyobaki yote yamesimama juu ya majani, kwenye bonde la upande wa Crowmarsh, kijiji kilicho ng'ambo ya mto, ambalo hufunikwa na mafuriko wakati wa masika ya huko. Wajenzi wa zamani waliupimia mto kwa hasira yake. Hata hivyo mafuriko ya mwaka 1809 yaliwashinda, na sehemu ya katikati ikabidi ijengwe upya. Katika vita vya mwaka 1646 matao manne yalikuwa yameondolewa na nafasi zake kuwekewa daraja la kuinuliwa, na hayakurudishwa kwa mawe hadi 1751. Teremka ukingoni utazame kwa chini: matao ya kale yana ncha juu na mbavu za mawe, na ya baadaye ni ya duara na laini, yakiwa yamepachikwa pembeni mwa yale ya kale.

Kasoro ya daraja ni wembamba wake. Magari hupita kwa zamu yakiongozwa na taa, ingawa tangu 1993 barabara ya mchepuko yenye daraja lake imeupunguzia mji mzigo mkubwa. Njia ya waenda kwa miguu haimtoshi mtu anayesukuma kigari cha mtoto akikutana na mwenye baiskeli, na mtu wa kiti cha magurudumu atapata taabu ya kweli. Watu wenye ndugu wazee wazingatie jambo hili.

Gulio ni siku ya Ijumaa, katika uwanja ulio mbele ya jumba la mji. Jumba lenyewe ni la mwaka 1670 na limejengwa juu ya nguzo za mawe, ghorofa ikiwa ya wazee wa mji na chini pakiachwa wazi kwa wauzaji, mfano wa baraza ya nyumba ya Lamu iliyopanuliwa ikawa ya mji mzima. Bidhaa ni mboga, mikate, jibini, samaki na miche ya bustani. Asitarajie mtu kupata ndizi za kupika wala unga wa muhogo. Kwa hivyo itambidi aende Reading. Bei si za chini, na mazoea yetu ya kuomba kupunguziwa hayana nafasi, lakini wauzaji hawana haraka, watakueleza jibini hili limetoka shamba gani na litakaa siku ngapi. Atakayefika siku nyingine atakuta uwanja uleule umejaa meza za mikahawa na watu wanaosubiri basi, na mji ukiwa umepungua uhai kwa nusu.

Kwa chakula, sifa zangu ni za wastani. Zipo nyumba za wageni za kale zenye mihimili ya mwaloni, zipo baa zinazopika, na upo uchaguzi wa vyakula vya Kihindi na vya Kitaliano ambao mji wa ukubwa huu hauna haja ya kuuonea aibu. Tatizo ni saa. Jiko la mkahawa mmoja tulioingia lilikuwa limefungwa saa nane na nusu mchana, mhudumu akatupa orodha ya vyakula kwanza, kisha akaturudia baada ya dakika kadhaa kutuambia kwamba kilichobaki ni keki. Kula mapema, au nunua mkate na jibini gulioni ukaketi kando ya mto. Kwa anayekula halali, aulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa si kila mahali panapoandika hilo kwenye orodha.

Upande wa pili wa uwanja lipo jengo la soko la nafaka la mwaka 1856, ambalo leo ni jumba la michezo ya kuigiza na sinema, likiendeshwa na wanachama wa kikundi cha maigizo cha mji, Sinodun Players, walioliokoa katika miaka ya 1970. Rais wa kikundi hicho kwa muda mrefu, hadi kifo chake, alikuwa Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi. Christie na mumewe walinunua nyumba ya Winterbrook, pembeni mwa mji, mwaka 1934, naye alifariki humo tarehe 12 Januari 1976 na kuzikwa Cholsey, kijiji cha jirani. Mwaka 2023 iliwekwa sanamu yake ya shaba, ameketi kwenye benchi akiwa na kitabu, ikitazama Kinecroft. Nafasi ya kukaa kando yake imeachwa makusudi, na foleni ya wapiga picha ni fupi. Nyumba yenyewe ni ya watu binafsi, kwa hiyo usiende kuchungulia madirishani.

Karibu na sanamu hiyo liko jumba la makumbusho la mji, ndani ya nyumba ya kale iitwayo Flint House. Vyumba ni vidogo, ngazi zinalia, na maelezo yameandikwa na watu wanaoupenda mji wao kupita kiasi, jambo ambalo mimi sikuliona kuwa ni dosari. Michoro na mifano ya ngome ilivyokuwa kabla ya 1652 inakusaidia kuyaelewa yale mahandaki. Kwa hiyo anzia hapa ndipo uende ngomeni. Makumbusho hufungwa wakati wa baridi, na hata msimu ukiwa umeanza si kila siku yanafunguliwa, hivyo hakikisha kabla ya safari.

Jina la mtu mwingine wa mji huu linawahusu wasomaji wetu wengi kuliko wanavyojua. Kanisa la Mtakatifu Peter, lenye mnara mwembamba wa mawe yaliyotobolewa unaoonekana tangu darajani, ndipo alipozikwa William Blackstone mwaka 1780. Blackstone aliishi Wallingford, alikuwa jaji wa mji, na alishiriki katika kulijenga upya kanisa hilo. Maelezo yake ya sheria za Uingereza, yaliyotoka kati ya 1765 na 1769, ndiyo yaliyoipa sheria ya desturi ya Kiingereza (common law) sura ya kusomeka, na sheria hiyo ndiyo iliyopokelewa kwetu kwa tarehe zinazofahamika na kila mwanasheria: Kenya tarehe 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920. Kanisa halina ibada za kila wiki tena na linatunzwa na shirika la kuhifadhi makanisa. Wakili wa Nairobi au Dar es Salaam anayepita Oxford angeweza kutenga nusu saa.

Kiungo cha pili na kwetu hakimo katika ramani za watalii. Ukivuka daraja na kuingia Crowmarsh, utafika eneo la Howbery. Huko ndiko Jethro Tull alikoishi alipobuni, karibu na mwaka 1701, mashine yake ya kupanda mbegu kwa mistari, na katika karne ya 20 eneo hilohilo likawa makao ya watafiti wa mambo ya maji. Taasisi ya Haidrolojia, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1968 karibu na hapo, ilirithi watu na takwimu kutoka Afrika Mashariki: majaribio ya muda mrefu ya kupima mvua na mtiririko wa vijito huko Kericho, ambako msitu ulikatwa ukapandwa chai, na huko Mbeya, ambako mabonde ya msitu yalilinganishwa na mabonde yanayolimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Watafiti wa Wallingford ndio pia waliokokotoa upya hesabu ya maji ya Ziwa Viktoria katika miaka ya 1980, wakijaribu kueleza kwa nini ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964 na kuzamisha magati na mashamba ya pwani zake. Na shirika la CABI, linaloshughulikia wadudu na magonjwa ya mimea na ambalo kituo chake cha Nairobi kinafahamika na mabwana shamba wetu, lina makao yake makuu nje kidogo ya mji.

Hakuna kibao hata kimoja mjini kinachomweleza mgeni habari hizi, na hapo ndipo ninapoupunguzia mji alama. Vibao vya Christie vipo, vya wafalme vipo, na vya kipindi cha televisheni cha upelelezi kilichopigwa picha mitaani humo vinauzwa kwa namna ya ramani. Kazi iliyoufanya mji huu ujulikane na wahandisi wa maji duniani kote imeachiwa wahandisi wenyewe.

Kuhusu mto kama mahali pa burudani, upande wa Crowmarsh lipo bwawa la wazi la kuogelea linalofunguliwa wakati wa kiangazi, pamoja na kiwanja cha kupiga kambi na vyoo safi. Njia ya miguu ya Thames, inayofuata mto kwa kilomita karibu 300, inapita upande wa mjini, na asubuhi utaziona mashua za makasia za Chuo Kikuu cha Oxford, ambacho kina ghala lake la mashua hapa, zikikatiza huku kocha akipaza sauti kutoka kwenye boti ya injini. Kuogelea mtoni kwenyewe ni suala jingine. Mwaka 2024 ufuo wa Wallingford uliingizwa katika orodha ya maeneo 27 mapya ambayo serikali hupima ubora wa maji yake ya kuogelea, na mwisho wa msimu ule 18 kati ya maeneo hayo yalipewa daraja la chini kabisa. Soma kibao cha matokeo kilicho ukingoni kabla hujavua viatu. Wenye watoto watumie bwawa.

Usafiri unahitaji mpango. Mji hauna stesheni ya reli ya kawaida. Reli yake ya tawi ilifunguliwa 1866 na ikaacha kubeba abiria 1959. Leo inaendeshwa na watu wa kujitolea, mwishoni mwa baadhi ya wiki na siku za sikukuu, hadi Cholsey, na wakati mwingine huvutwa na injini ya mvuke. Wenyeji huiita Bunk, na tamasha la muziki la mwishoni mwa kiangazi, BunkFest, limechukua jina lake. Panda treni hiyo kwa ajili ya raha, usiitegemee kukuwahisha popote. Kutoka London ni rahisi zaidi kwenda kwa treni hadi Cholsey, kisha kumalizia kilomita nne hivi kwa teksi au kwa miguu. Kutoka Oxford au Reading, mabasi yanayounganisha miji hiyo miwili hukushusha mjini kabisa, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kuwa nauli ni nafuu na kiti cha ghorofa ya juu kinakuonyesha bonde lote.

Chagua Ijumaa kati ya Mei na Septemba, wakati gulio, bwawa na makumbusho vinapokuwa na uwezekano wa kuwa wazi kwa pamoja. Jumapili mabasi hupungua na maduka mengi madogo hufungwa. Anayesafiri na watoto atatosheka na Kinecroft, bwawa na treni. Mwenye hamu ya historia aongeze siku ya pili alale mjini, kisha asubuhi afuate mto kwa miguu kuelekea kaskazini kupitia malisho ya ngome, kabla magari hayajaanza kupanga foleni kwenye taa za darajani.